Maswali ya Urembo: Jasho, Kupamba na Uso Uliogeuka Kijivu

Barua nyingi za msimu huu wa kaskazi zinalalamikia joto, kwa hivyo tumeanza nalo. Walioandika tumewataja kwa mtaa wanaokaa tu.

*Asalaam aleikum dada. Kila asubuhi natoka Kisauni kwa matatu kwenda kazini mjini. Nikitoka nyumbani uso uko sawa. Nikifika Mwembe Tayari faundesheni imejikusanya pembeni mwa pua na juu ya mdomo, paji la uso linang'aa mafuta. Napaka losheni, praima, faundesheni nzito ya kuficha madoa, kisha poda nyingi. Nimeshabadilisha faundesheni mara tatu. Ni ipi isiyotoka kwa jasho? – Msomaji, Kisauni*

Waaleikum salaam. Usinunue ya nne. Zote tatu huenda zilikuwa nzuri, tatizo likawa namna zinavyopakwa.

Jasho hutoka chini ya faundesheni, halitoki juu yake. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu, kwa hivyo jasho halikauki upesi. Linakaa pale pale kwenye ngozi. Likikuta tabaka nene linalisukuma lote kwa pamoja hadi kwenye mikunjo ya pua, na hapo ndipo unapoona madonge. Tabaka jembamba linaliachia jasho lipenye, ukilikausha kwa tishu rangi inabaki mahali pake. Ukiongeza poda nyingi juu, poda inanyonya jasho na kugeuka ujiuji. Kwa hivyo unaloliita kinga ndilo linaloharibu.

Jaribu hivi kesho. Oga mapema, kisha kaa mbele ya feni dakika kumi hadi mwili upoe kabisa. Wengi huanza kujipaka wakiwa bado wanatoka jasho la bafuni, na hapo hakuna faundesheni itakayoshika. Kama nyumbani mnatumia maji ya kisima ya chumvi, suuza uso mara ya mwisho kwa kikombe cha maji matamu, maana chumvi na sabuni isiyoisha huacha utando unaofanya vipodozi viteleze.

Badala ya losheni ya mwili tumia ya uso iliyo nyepesi, ya aina ya jeli, kiasi cha mbaazi moja kwa uso mzima. Subiri dakika tano. Kisha paka krimu ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi: ichore juu ya vidole viwili, cha shahada na cha kati, toka shina hadi ncha. Hicho ndicho kiasi cha uso na shingo. Ukipaka chini ya hapo hupati kinga iliyoandikwa kwenye chupa. Subiri dakika kumi na tano. Ukiona krimu hiyo inatosha kulainisha ngozi, acha losheni kabisa. Tabaka moja limepungua.

Praima, ile inayotangulia chini ya faundesheni, haihitajiki uso mzima. Iguse pembeni mwa pua, katikati ya paji na kidevuni tu. Hapa angalia jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: praima na faundesheni zinatakiwa kuwa za asili moja. Soma viungo nyuma ya chupa. Ukiona mwanzoni kabisa mwa orodha jina linaloishia na cone, kama dimethicone, hiyo ni ya silikoni. Ukiona maji yametangulia na hakuna majina hayo karibu, ni ya maji. Silikoni ikiwa chini na maji juu, mara nyingi faundesheni inakataa kushika au inajiviringisha vipande vidogo vidogo. Kama majina yanakuchanganya, changanya tone la kila moja nyuma ya kiganja. Zikiachana au zikifanya chembechembe, usizitumie pamoja.

Sasa faundesheni: pampu moja, si zaidi. Lowesha sponji, ikamue kwa taulo hadi isitoe hata tone, kisha bonyeza-bonyeza kuanzia katikati ya mashavu ukitoka nje. Usiburute. Pua na juu ya mdomo vifikie mwisho, kwa mabaki yaliyo kwenye sponji, bila kuongeza nyingine. Sehemu hizo ndizo zinazotoka jasho kwanza, kwa hivyo ndizo zinazotakiwa kubeba rangi kidogo kuliko zote. Doa lililobaki lizibe kwa konsila, ile krimu nzito ya kuficha madoa, kwa ncha ya kidole, pale pale kwenye doa. Madoa matatu hayahitaji uso mzima kufunikwa mara mbili.

Poda ichukue kwa pafu, ikung'ute, kisha bonyeza paji, pua na kidevu. Mashavu yaache. Malizia kwa spreyi ya kushikisha vipodozi, shikilia chupa umbali wa sentimita 30, puliza mara tatu au nne huku umefumba macho, na usiguse uso hadi ukauke. Maji ya waridi hayafanyi kazi hii. Yanaburudisha na yananukia vizuri, lakini hayana kile kiungo kinachoacha utando wa kushika rangi.

Ndani ya matatu, au ukiwa umesubiri feri juani, kunja tishu, ibonyeze usoni, hesabu hadi tano, inua. Usipanguse. Na usipake poda kabla ya kuondoa mafuta kwanza, maana poda juu ya mafuta ni madonge mapya. Siku za kazi za kawaida unaweza hata kuacha faundesheni: krimu ya jua, konsila kwenye madoa, poda ya kubonyeza, wanja na rangi ya mdomo. Watu wengi wa pwani wanapendeza zaidi hivyo.

*Dada, kupamba kwangu ni mwezi ujao, hapa Mji wa Kale. Nina mambo mawili. Kwanza, sitaki kukosa Maghrib na Isha kwa sababu ya mekapu. Pili, kwenye picha za dadangu uso ulitoka mweupe na shingo nyeusi, na ukumbini alionekana vizuri tu. Nimwambie nini mpambaji wangu? – Bi Harusi, Kibokoni*

Hongera, Mungu akujaalie kheri.

Tuanze na sala. Masharti ya udhu muulize shehe wako. Upande wetu, ujue kwamba maskara na faundesheni zisizotoka kwa maji huweka utando ambao maji hayapiti, kwa hivyo ukishapakwa huwezi kutawadha bila kuvifuta. Hina haina shida hiyo kwa kuwa ni rangi iliyoingia kwenye ngozi. Saa zipangwe hivi: nywele zisukwe na kufukizwa udi baada ya Alasiri. Udi usiachwe hadi mwisho, maana moshi wa moto chini ya nguo hutoa jasho hata kwa mtu aliyepoa. Kula, kunywa, tawadha, swali Maghrib, na mpambaji aanze mara moja, saa moja kasoro hivi. Ukiuhifadhi udhu wako, Isha utaiswali ukiwa umepambwa, kabla ya kuvaa gauni. Kazi nzuri inachukua saa moja na nusu hadi mbili, na bi harusi haingii ukumbini kabla ya saa tatu usiku, kwa hivyo muda upo. Mpambaji akisema ana maharusi watatu jioni hiyo na atakuanza saa tisa alasiri, tafuta mwingine mapema. Uso uliopakwa saa tisa utakuwa umechoka saa nne usiku, na Maghrib itakuwa imekupita.

Kuhusu picha: uso mweupe kwenye flashi una sababu tatu, na mara nyingine huwa zote pamoja. Ya kwanza ni krimu ya jua au faundesheni yenye titanium dioxide au zinc oxide, madini meupe yanayorudisha mwanga. Usiku hakuna jua, kwa hivyo mwambie mpambaji asitumie chochote chenye SPF. Ya pili ni ile poda nyeupe laini ya silika inayopakwa chini ya macho kwa wingi. Ana kwa ana haionekani, flashi ikipiga inawaka. Ya tatu ni faundesheni iliyochaguliwa makusudi nyepesi kuliko ngozi, kwa sababu watu wanataka bi harusi "ang'ae". Ya mwisho hii ikatae waziwazi. Rangi ya faundesheni ilinganishwe na kifua chako, kwa sababu gauni litakuwa wazi na dhahabu itakaa hapo hapo. Masikio, shingo hadi mgongoni vipakwe tabaka jembamba na kushikishwa poda kabla vipuli na mikufu haijavaliwa. Vikivaliwa kwanza, rangi inaingia kwenye vito na gauni linachafuka kolani.

Siku ya majaribio, ambayo isipungue wiki mbili kabla, fanyeni kipimo hiki: zimeni taa, mtu asimame hatua mbili mbele yako apige picha ya simu kwa flashi. Kama kuna mahali panawaka, panaonekana hapo hapo. Kisha kaa na mekapu hiyo saa sita, upike, utembee, ndipo uamue. Baada ya siku hiyo usiingize kitu kipya usoni hadi harusi ipite.

Ngozi nayo ina ratiba yake. Kutoa nywele kwa halawa na kwa uzi kufanywe siku tatu kabla. Ngozi iliyotolewa nywele leo ina vidonda vidogo visivyoonekana, faundesheni inauma na kutoa vipele. Kusingwa ni kuzuri kwa mwili, ila singo (mchanganyiko wa kusugulia mwili) yenye karafuu isikaribie uso siku mbili za mwisho, kwani karafuu ni kali na wenye ngozi laini huamka na uso mwekundu.

Mpambaji anayejua kazi ataanza macho kabla ya faundesheni, ili unga wa rangi na vimeta vinavyodondoka vipanguswe bila kuharibu kitu. Mdomo ataupaka hivi: penseli mdomo mzima, si ukingoni tu; rangi; tishu moja iliyotenganishwa tabaka zake, iwekwe mdomoni, poda kidogo ipigwe juu ya tishu kwa brashi; kisha rangi tena. Inastahimili soda na biriani kiasi, lakini mafuta ya biriani yatashinda mwishowe, ndiyo maana somo wako, yule kungwi anayekusimamia, awe na kipochi chenye tishu, poda yako, rangi yako ya mdomo, pamba za vijiti na gundi ya kope. Machozi yakija, asipanguse. Akunje tishu ncha, aiweke kwenye kona ya ndani ya jicho, ayanyonye kabla hayajateremka.

*Faundesheni yangu dukani ilikuwa rangi yangu kabisa. Nyumbani baada ya saa moja uso umekuwa wa kijivu kama nina vumbi. Na chini ya macho ndiyo zaidi. – Msomaji, Changamwe*

Uliijaribu nyuma ya mkono, chini ya taa nyeupe za duka. Mkono si uso, na taa hizo zinadanganya. Jaribu kwenye taya, mistari mitatu ya rangi tatu zinazokaribiana: moja yenye umanjano, moja yenye wekundu, moja ya katikati. Toka nje ya duka, barabarani kwenye mwanga wa mchana, ujiangalie kwa kioo. Kisha zunguka dakika kumi na tano, urudi kuangalia tena, maana faundesheni nyingi hubadilika rangi zikichanganyika na mafuta ya ngozi na hewa. Ule mstari unaopotea ndio wako. Ile habari ya kuangalia mishipa ya mkononi kama ni ya kijani au ya bluu haitusaidii sana sisi wenye ngozi nyeusi. Mishipa haionekani vizuri.

Kijivu kinakuja faundesheni ikiwa nyepesi kuliko ngozi, au ikiwa na upinki ilhali ngozi yako ina udhahabu au wekundu. Chini ya macho sababu ni tofauti kidogo. Weusi wa hapo una ubluu ndani yake, na konsila nyepesi ikipakwa juu ya ubluu inatoa kijivu, ndivyo rangi zinavyochanganyika. Tangulia na krimu ya rangi ya chungwa, kiasi cha punje moja ya mchele kwa kila jicho, ibonyeze kwa kidole cha pete hadi ionekane kama kivuli tu. Ukiwa mweusi sana, chagua chungwa linaloelekea wekundu. Ukiwa maji ya kunde, rangi ya embe bivu isiyo kali inatosha. Juu yake konsila ya rangi ya ngozi yako, au nyepesi kwa daraja moja tu, si tatu. Weusi wa kuzunguka mdomo unazibwa vivyo hivyo.

Chupa uliyonayo usiitupe. Nunua nyingine ya kampuni ile ile iliyo nyeusi kuliko wewe, uchanganye matone nyuma ya kiganja kila siku, usichanganye ndani ya chupa. Msichanganye poda na kakao ya jikoni kama wengine wanavyoshauri. Kakao ni chakula, kwa unyevu wetu inaota ukungu, na unaupaka usoni.

*Nimetumia krimu ya kung'arisha miaka minne. Sasa mashavu yana weusi wenye ubluu, na nikipaka faundesheni inachoma. Nifundishe kuyaziba. – Msomaji, Likoni*

Dada yangu, kuziba kuje baadaye. Ngozi inayochomwa na faundesheni imeshaharibika ule ukuta wake wa juu, na kila unachopaka kinaingia ndani. Weusi wa bluu kwenye mashavu unajulikana kwa waliotumia haidrokwinoni, kiungo cha kung'arisha ngozi, kwa muda mrefu, na ukiendelea kupaka unazidi. Soma boksi la krimu hiyo. Ukiona hydroquinone (ndiyo haidrokwinoni), au mercury, calomel au mercurous chloride (zote tatu ni zebaki), ni sumu isiyoruhusiwa kwenye vipodozi nchini Kenya, hata kama duka linaiweka mbele. Zebaki inaingia mwilini kupitia ngozi na kudhuru figo, na mama mjamzito anampitishia mtoto tumboni. Nyingi haziandiki kitu, au zimeandikwa kwa lugha usiyoisoma. Hiyo peke yake ni sababu ya kuiacha.

Nenda hospitali yenye kliniki ya ngozi na uibebe krimu yenyewe. Tunasisitiza uibebe kwa sababu krimu nyingi za aina hii zina steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe), na steroidi iliyotumika miaka minne ikikatwa ghafla uso unaweza kuwaka na kuvimba. Daktari ndiye wa kukupangia namna ya kuiacha. Wakati huo tumia sabuni isiyo na manukato, losheni ya kawaida isiyo na harufu, krimu ya jua SPF 30 au zaidi kila siku na mtandio wenye kivuli. Hakuna faundesheni, hakuna ndimu, hakuna kusugua. Kuchoma kukiisha kabisa, rangi ya chungwa tuliyoieleza juu itakusaidia. Na usione haya kwenda. Kliniki za ngozi zinaona tatizo hili kila mara.

*Kope za bandia zinainuka kona ya ndani, na jana jicho limeamka jekundu. – Msomaji, Bamburi*

Jicho likiwa jekundu, hakuna kope, hakuna wanja, hakuna maskara hadi lipone kabisa. Maskara na wanja wa maji uliotumia siku hiyo tupa. Kama jicho linatoa usaha, linaumia kwenye mwanga au huoni vizuri, nenda kwa daktari wa macho leo. Mombasa inaujua ugonjwa wa macho mekundu, ulitusumbua sana mwanzoni mwa 2024, na kuazimana wanja ni njia mojawapo ya kuusambaza nyumba nzima.

Likipona, angalia gundi. Wengine hudhurika na lateksi (utomvu wa mpira) iliyomo. Tafuta iliyoandikwa haina, na uijaribu ndani ya kiwiko siku mbili. Kope kuinuka kona ya ndani mara nyingi maana yake ni ndefu kuliko jicho lako. Iweke juu ya kope zako bila gundi, uone inapozidi, ukate upande wa nje, si wa ndani. Ikunje-kunje mara kadhaa kwa vidole ipate kulegea. Paka gundi nyembamba kwenye mshipi wake, ongeza kidogo kwenye ncha mbili, kisha subiri sekunde 30 hadi 45, ishike kunata. Gundi mbichi inateleza, na jasho la kope linaimaliza. Weka katikati kwanza, kisha kona ya nje, ya ndani mwisho, ubonyeze kwa kibano ukiangalia chini kwenye kioo kilicho mezani. Usilale nazo. Kuzitoa, pitisha pamba ya kijiti yenye mafuta ya nazi kwenye mshipi, subiri dakika moja, zitaachia zenyewe. Ukizing'oa zikavu unang'oa na zako.

Maskara, hata ikiwa imebaki nusu, tupa baada ya miezi mitatu. Vipodozi vingine vina mchoro wa kikopo kilichofunguliwa chenye namba ndani, 6M au 12M; hiyo ni miezi ya kutumia tangu ulipofungua.

Na huo wanja wa unga usio na jina, unaouzwa kwa kupimwa, usimpake mtoto. Wanja mwingi wa aina hiyo ni jiwe la madini ya risasi lililosagwa, na risasi inadhuru ubongo wa mtoto.

*Navaa nikabu. Faundesheni yote inaishia kwenye kitambaa. – Msomaji, Majengo*

Usipake mahali kitambaa kinapogusa. Krimu ya jua, basi, na uweke kazi yote machoni: nyusi, wanja usiotoka kwa maji, konsila kidogo. Pumzi yako inaleta unyevu chini ya nikabu kuliko hata hewa ya nje. Mdomo unataka rangi ya maji inayokauka kabisa. Ipe dakika tatu kabla ya kufunga. Osha nikabu kila siku, vipele vya kidevuni vingi vinatoka hapo.

*Shangazi anasema nipake piko kwenye nyusi zikae nyeusi wiki mbili. – Msomaji, Tudor*

Shikamoo yake, lakini usipake. Piko ni dawa ya kutia nywele rangi, na ndani yake mna kiungo kinachofupishwa PPD. Kimetengenezwa kwa nywele za kichwani kisha kioshwe, hakikukusudiwa kukaa kwenye ngozi. Wanaodhurika hutoka malengelenge, na nyusi ziko juu ya jicho: uvimbe unaweza kulifunga jicho lote. Anayesema "nimepaka mara nyingi, sikuona kitu" hajasalimika, kwani mwili unaweza kulikubali mara kumi na kulikataa ya kumi na moja, na ukishalikataa ni la maisha; hata dawa ya nywele itakudhuru baadaye. Piko ya mikononi kwa harusi nayo ina hatari hiyo hiyo. Nyusi tumia penseli ya kahawia iliyokoza, vistari vifupi kufuata nywele, kisha zishike kwa jeli. Mwanzo wa nyusi uwe hafifu, mkia ndio ukoze.

*Nalowesha brashi kwenye maji moto ya chumvi kuua vijidudu. Sasa zinamwaga nywele. – Msomaji, Mtwapa*

Maji moto yanayeyusha gundi inayoshikilia nywele kwenye chuma. Tumia maji matamu ya vuguvugu na shampuu ya mtoto, tone moja kwa brashi, ukisugua kwenye kiganja na nywele zikiangalia chini, maji yasiingie kwenye chuma. Kamua, nyoosha, laza ukingoni mwa meza ncha zikining'inia. Usisimamishe kwenye kikombe zikiwa mbichi. Za faundesheni kila wiki, na sponji kila ukiitumia, kwa unyevu wetu inaota ukungu ndani kabla hujauona nje. Ibadilishe baada ya miezi mitatu. Anayepamba watu kwa malipo anyunyize brashi alkoholi ya asilimia 70 kati ya mtu na mtu na aziache zikauke. Maskara atumie vijiti vya kutupa, asichovye mara mbili.

*Nina miaka 54. Poda inaingia kwenye mikunjo ya macho na kunizeesha. Binti yangu ananipaka kama anavyojipaka yeye. – Mama, Ganjoni*

Shikamoo mama. Binti anapenda kuacha poda nyingi chini ya macho dakika kadhaa, mtindo unaomfaa mwenye ngozi ya mafuta. Ngozi yako ni kavu zaidi, poda inanyonya hata kile kidogo kilichopo na mikunjo inachoreka. Mwambie akupake krimu ya kulainisha ya kutosha, asubiri dakika kumi, afute ziada kwa tishu. Konsila aiweke kwenye kona ya ndani na ya nje tu, ile sehemu inayokunjamana katikati apitishe mabaki ya kidoleni. Kabla ya poda, tabasamu, aone mikunjo ilipo, aisawazishe kwa kidole, ndipo aguse poda kidogo mno kwa brashi ndogo. Rangi ya mashavu iwe ya krimu, ipande juu kuelekea sikioni. Vimeta vikubwa kwenye kope viachwe, rangi isiyong'aa ya kahawia inainua jicho vizuri zaidi. Rangi ya mdomo ikivuja kwenye mistari, penseli itangulie na mdomo usipakwe mafuta kabla.